Nani aliwatia majini kwenye magofu tuliyoyaogopa utotoni?

#1 Mwana wa Chwaka (mleta uzi)
Wadau, salaam. Juzi nimeshuka Dunga, kwenye magofu ya kasri. Hapa Unguja kila aliyekulia njia ya Chwaka anajua nasema nini. Utotoni sikuwahi kukanyaga pale, tulikuwa tunapita tu. Gari likikaribia magofu, bibi ananivuta kichwa ananilaza mapajani, anaanza Ayatul Kursi, na sisi watoto tunabana pumzi mpaka kasri libaki nyuma. Konda naye alikuwa akipunguza redio. Hakuambiwa na mtu.

Tuliambiwa Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa Unguja, alipojenga pale alichinja watumwa, damu ikachanganywa na chokaa, na wengine wakafukiwa kwenye msingi wangali hai. Usiku wanasikika. Na ngoma zake zilikuwa zikilia zenyewe bila mpigaji.

Basi nimeingia saa nne asubuhi, jua kali, nikakaa kama dakika arubaini. Kuta ni fupi kuliko nilivyozibeba kichwani. Kuna mijusi, upepo, na kuku wa mtu anafukua uani. Kuku! Kasri lililonilaza mapajani kwa bibi miaka yote ile, leo lina kuku. Lakini wakati wa kutoka nikajikuta nimebana pumzi. Nina miaka 41.

Swali langu: hizi hadithi aliziweka nani, na kwa faida ya nani? Na wewe gofu lako ni lipi, ushawahi kurudi?

#2 Kiti cha Mbele
Uzi mtamu. Naweka kambi, ngoja waje wenye mambo yao.

#3 Katana wa Mkwajuni
Langu ni Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, Kenya. Tulipelekwa na shule nikiwa darasa la tano. Kabla ya kushuka basini mwalimu akasimama mlangoni akatuambia: atakayetoa hata kijiwe humu, wazee wa mji watamfuata hadi kwao. Kuna mwenzetu akatia kigae cha bakuli mfukoni, kile cha buluu na nyeupe. Kabla hatujafika Kilifi tumbo likamkata, basi likasimama mara tatu. Mwalimu akamsachi, kigae kikatoka, akakitupa dirishani huku anaomba radhi kwa sauti.

Miaka mingi ilipita ndiyo nikakumbuka kwamba yule kijana alikuwa amekula maembe mabichi sita na chumvi tangu asubuhi. Lakini hadi leo nikienda Gede nakung'uta viatu kabla ya kutoka, nisije nikaondoka na mchanga wao.

#4 Jiwe na Chokaa
Katana, hicho kigae kama kilikuwa cha buluu na nyeupe basi yawezekana kilitoka China. Gede wamefukua vyombo vya China, shanga za Venice, na nyumba zimepewa majina kwa vilivyokutwa ndani, kama ile Nyumba ya Mkasi. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mwalimu wako amekitupa kitu cha miaka mia tano dirishani, hapo ndipo pa kuogopa.

Tena kuhusu Gede msimcheke mtu. James Kirkman aliyechimba pale kuanzia 1948 hadi 1958, Mzungu wa vipimo na madaftari, aliandika kwamba siku za mwanzo alihisi kuna mtu au kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta. Si kwa uadui wala kwa wema, kinangoja tu. Huyo hakulelewa na bibi wa Chwaka.

#5 Chai Haina Sukari
Mkuu #4, ukikaa peke yako kwenye msitu wenye magofu, hata fundi wa simu atahisi anatazamwa. Na Gede kweli anatazamwa! Kima wamejaa pale. Nimekaa juu ya ukuta nafungua mkate, nikanyanyua macho nikakuta nyuso nne zinaningoja. Si kwa uadui wala kwa wema 😂 Mkate walichukua.

#6 Katana wa Mkwajuni
😂😂 Hao ndio wazee wa mji.

#7 Mpemba Asiye Makuu
Assalaam alaykum. Sisi Pemba tuna magofu ya Pujini, kwa Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Huyo hadithi yake haihitaji jini, mwenyewe alitosha. Wazee wanasema watu walibebeshwa mawe ya kujengea huku wakiburura makalio chini, marufuku kusimama. Alikuwa na wake wawili wenye wivu, akachimba kisima akakitia ukuta katikati, kila mke achote upande wake wasionane.

Tukienda kukata kuni upande ule tuliambiwa tusichungulie kisima, utaona uso wa mke wa upande wa pili. Mimi nikachungulia. Nikaona uso. Nikakimbia hadi nyumbani nikaacha kuni. Nilichukua miaka kuelewa kwamba ulikuwa wangu.

#8 Bi Somoe
Mpemba umenichekesha kama mazuri.

Ila wanangu mnachanganya mambo. Mleta uzi kaandika majini, mwengine analeta wafu, mwengine wazee wa mji. Jini ni kiumbe mbali, hakuwahi kuwa mtu. Mzimu ni wa waliotangulia, na hilo neno ni la mahali pia, ndiyo maana tunasema twaenda mzimuni, na pale watu wanapeleka ubani, maji ya mawaridi na vitambaa. Mzuka ndio huo wa kutokea na kupotea. Wa Dunga kwa hadithi yenyewe si majini, ni watu waliodhulumiwa. Ukimwita jini mtu aliyefukiwa msingini unamdhulumu mara ya pili.

#9 Mwana wa Chwaka
Shikamoo Bi Somoe. Nimekubali kosa, ila kichwa cha uzi kinagoma kubadilika. Lakini bibi yangu alikuwa anasema majini, ndivyo nilivyopokea.

#10 Bi Somoe
Marahaba. Bibi yako alikuwa hataki kukutajia wafu kabla ya kulala, alikuhurumia.

#11 Fundi Visima
Mimi nachimba na kusafisha visima, Bagamoyo na vijiji vya jirani. Niseme kitu ambacho sijaona mtu amekigusa. Karibu kila gofu mlilotaja lina kisima. Dunga wanasema kilikutwa kisima chenye mifupa. Gede visima, Pujini kisima, na magofu ya huku kwetu Kaole pia kisima.

Kisima cha zamani kisichotumika kinaua, bila jini wala mzimu. Majani yanaoza chini, hewa nzito inajaa, inakaa kule kama maji yasiyoonekana. Mtu anashuka kufuata ndoo, magoti yanaisha nguvu, anaanguka kimya. Ndugu yake anashuka kumwokoa, naye kimya. Nimewahi kufika mahali tayari wamelala wawili. Sisi tunateremsha taa ya utambi kwanza. Ikizimika, hakuna anayeshuka. Na hata ikiwaka hujapona, bado unafungwa kamba kiunoni na wenzako juu.

Sasa wewe mzee wa kijiji, umezika watu wawili waliotoka kisimani bila jeraha. Utawaambia nini watoto? Utawaambia kuna mwenye kisima. Mimi naona hadithi zimewekwa na waliozika.

#12 Kiti cha Mbele
Hii ya Fundi imenikalisha vizuri. Nilikuwa nimejilaza.

#13 Chai Haina Sukari
Naunga mkono #11, na niongeze sauti za usiku. Aliyewahi kumsikia komba anajua: analia kama kichanga kilichoachwa. Na perere, yule pimbi wa mitini, ni balaa zaidi, anaanza kama mlango mkavu unakwaruza, unazidi, unazidi, halafu mayowe. Wote wanapenda miti mikubwa, na magofu yameachiwa miti mikubwa kwa sababu watu wanaogopa kukata. Hapo hofu inafuga sauti, na sauti inafuga hofu. Bundi simtaji, yeye ana mashtaka yake tayari.

#14 Mtoto wa Chumbageni
Tanga hatujatajwa, yaani mnatuonea. Mapango ya Amboni! Si gofu, ni kazi ya maji kwenye mawe ya chokaa, lakini kwa kutisha mnatufuata nyuma. Mle ndani kuna sehemu ya mzimu, watu wanaacha sadaka mpaka leo. Na mnajua ile ya mbwa? Wazungu wawili waliingia na mbwa wao, wakapotea, mbwa akaja kuonekana Mombasa.

#15 Nyali Kijana
Sisi Mombasa hatujapokea mbwa yeyote.

#16 Sokoni Tanga
#14, mimi niliambiwa Kilimanjaro, si Mombasa. Mbwa huyu anasafiri kuliko mabasi ya mikoani. Halafu waliowahi kuyapima yale mapango wanasema lililo refu kuliko yote halifiki kilomita moja, sasa mbwa alipita wapi? Na hujataja Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha mle enzi za mkoloni. Babu yangu alikuwa anawaita wapigania uhuru, jirani yetu anawaita majambazi, walinyimana salamu kwa hilo. Mkoloni angefurahi watu waogope pango, wasiwapelekee chakula. Au kina Otango ndio wangefurahi watu waogope, wasiwachongee. Chagueni.

#17 Mtoto wa Chumbageni
Mbwa alikuwa mwembamba.

#18 Pweza Mkavu
Alichosema #16 ndicho ninachokiamini mimi, hofu inawekwa na mwenye kitu cha kuficha. Angalieni Mangapwani, huku Unguja. Kile chumba cha watumwa, kilichochongwa chini kwenye jiwe, kinasemwa ni cha baada ya soko la Unguja kufungwa 1873. Biashara ilipigwa marufuku ikahamia gizani. Mtu anayeshusha binadamu usiku hadi ufukweni angetaka nini zaidi ya kijiji kinachofunga milango magharibi ikiingia kwa sababu ya mashetani wa pwani? Ukisikia kilio, si wewe umeshaambiwa ni mzimu? Unageuza mto unalala.

Hilo ndilo linalonitisha mimi. Yawezekana kuna waliosikia watu wa kweli wakilia wakasema ni mizimu.

#19 Jiwe na Chokaa
#18 umeandika vizuri, lakini Dunga iko katikati ya kisiwa. Hakuna ufukwe wa kushushia kitu.

Halafu nirudi kwenye #1, maana mimi ndiyo kazi yangu, nimekarabati kuta za zamani miaka kumi na tatu. Hii damu kwenye chokaa nimeisimuliwa kwa kila jengo nililogusa, hata Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani mjini Unguja la 1883, watu wanasema nguzo zake zimemeza watumwa. Ukuta wa kale wa pwani ni mawe ya matumbawe. Chokaa yake ni matumbawe hayohayo, yamechomwa juu ya magogo, yakalowekwa. Lakini chokaa ni ghali kwa kuni na kwa muda, kwa hiyo katikati ya ukuta mafundi walichanganya udongo mwekundu kwa wingi, wakahifadhi chokaa safi kwa lipu ya juu. Lipu ikibanduka, mvua ikipiga, ukuta unatiririka wekundu. Nimesimama chini ya ukuta namna hiyo mwezi wa nne, shati langu jeupe likawa kama la mchinjaji.

Na vyumba vile vyembamba na virefu ni kwa sababu ya boriti za mikoko, upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Paa likishaanguka unabaki na mfereji wa mawe, ukikohoa huku unasikika kule.

#20 Mwana wa Chwaka
Daah. Wekundu nimeuona kwa macho yangu juzi, nikaugusa, ukaacha unga kidoleni. Nilinawa mara mbili. Lakini Mkuu, na ile mifupa ya kisimani?

#21 Jiwe na Chokaa
Mifupa mimi nimeisikia kama wewe, sijaiona. Udongo mwekundu haufuti dhuluma, sijasema hivyo. Nimesema ukuta si ushahidi.

#22 Mjukuu wa Makunduchi
Naomba niwe mkorofi kidogo. Mnamjadili Mwinyi Mkuu kama kichaa wa kuchinja. Yule alikuwa mtawala wa wenyeji wa Unguja kabla na wakati wa masultani. Kasri lilijengwa miaka ya 1840 na 1850, tayari Sayyid Said ameshakaa mjini. Mwinyi Mkuu wa mwisho akafa 1873, hakuwekwa mwengine. Siwa, ile baragumu ya utawala, na ngoma zake zikaishia makumbusho. Nyumba ikaachwa ianguke.

Sasa jiulizeni, baada ya hapo nani alifaidika kusema mtawala wa zamani alikuwa mnyonya damu? Kwa sultani hadithi ile inafaa. Kwa Mwingereza ndiyo kabisa, maana yeye amekuja kutuokoa. Na ngoma zinazolia zenyewe, kwetu hazikuwa za kutisha. Bibi zetu walisema zililia kumwonya mwenyewe hatari ikija, zilikuwa ulinzi. Mmegeuza ulinzi kuwa mzuka.

#23 Pweza Mkavu
Hapa umenipiga bao. Ila watumwa alikuwa nao au hakuwa nao?

#24 Mjukuu wa Makunduchi
Alikuwa nao. Wakubwa wa wakati ule walikuwa nao. Sijasema alikuwa malaika, nimesema msimulizi naye ana tumbo.

#25 Mwanamke wa Kaole
Mmeandika wanaume tupu (Bi Somoe nisamehe), ndiyo maana hamjasema hili. Mimi nimekulia karibu na magofu ya Kaole, Bagamoyo. Wavulana waliambiwa watapotea. Sisi wasichana tuliambiwa tutapata mimba ya jini. Mnaona tofauti?

Kwa sababu magofu ndiyo mahali pekee kijijini penye kuta na pasipo mwenye nyumba. Dada yangu mkubwa ndiye alikuwa bingwa wa kutuhadithia jini la Kaole, refu, lina kanzu nyeupe, linasimama kwenye mbuyu. Tukawa hatusogei. Dada huyo leo ameolewa na jini lenyewe, wana watoto wanne, na kanzu bado anayo.

#26 Kiti cha Mbele
😂😂😂 Uzi ufungwe.

#27 Chai Haina Sukari
Usifungwe, nataka kujua mbuyu. Si ndio ule ukiuzunguka unaongezewa umri?

#28 Mwanamke wa Kaole
Wengine wanasema unaongezewa, wengine unapunguziwa, inategemea umepata mtembezaji gani. Mimi nimeuzunguka nikicheza kombolela mara zisizo idadi, kwa hesabu hiyo ama nilikwisha kufa ama nitawazika nyote. Ila kaburi la Sharifa pale hatukuwahi kulichezea. Hilo halikuwa la kutisha, lilikuwa la heshima, watu wanakuja kuomba dua. Utotoni tulijua kabisa tofauti ya kaburi la kunyamazia na ukuta wa kukimbia. Ninyi wa kwenye uzi ndio mmechanganya.

#29 Sauti ya Magharibi
Wakuu, nimekuwa msomaji tu ila #25 amenilazimisha niungame. Gofu letu silitaji, wahusika bado wapo. Mimi na wenzangu watatu ndio tulikuwa mizuka. Tulikuwa tunacheza karata za pesa mle ndani, na akisogea mtu tunarusha vijiwe kwenye bati bovu lililokuwa pale, halafu mmoja anapuliza kwenye chupa. Miaka miwili hakusogea mtu.

Halafu siku moja tuko wanne, tumekaa kimya tunagawa karata, bati likalia. Vijiwe vitatu, vinafuatana. Tulihesabiana, wote wanne tupo. Sijarudi tena, na pesa za mezani zilibaki, shilingi mia tatu na hamsini.

#30 Fundi Visima
Zitakuwa zilichukuliwa na kundi jipya. Mlirithiwa.

#31 Sauti ya Magharibi
Ndivyo ninavyojiambia kila siku, Fundi.

#32 Katana wa Mkwajuni
Tukirudi Gede kidogo. Mimi kinachonisumbua si mizimu, ni kwa nini watu waliondoka. Wareno walikaa Malindi miaka 80 hivi, ni kilomita 16 hivi tu, na hawajautaja mji ule. Mji wenye msikiti mkubwa na kasri! Wengine wanasema maji ya visima yalishuka, wengine wanasema vita vya Wazimba, wengine Waoromo, na hata jina Gede linasemwa ni la Kioromo. Mji ambao jirani hakuutaja, ukaachwa, ukafunikwa na miti. Hapo mzimu hauhitaji mtu wa kuuweka, unajiweka.

Na UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia 2024. Kwa hiyo sasa kijiwe kina wazee wa mji na sheria juu.

#33 Chai Haina Sukari
Kima wamepata hadhi ya kimataifa.

#34 Nyali Kijana
Mleta uzi, twende Dunga usiku tukamalize ubishi. Mimi navuka na boti wikiendi ijayo. Nani yupo?

#35 Pweza Mkavu
Nipo, mpaka saa kumi na mbili jioni.

#36 Mpemba Asiye Makuu
Nitawaombea kutoka Pemba.

#37 Sauti ya Magharibi
Msinihesabu.

#38 Mwana wa Chwaka
Wadau, ahsanteni. Jana nilikwenda kwa mama, nikamsomea uzi wote. Alicheka sana kwa mke wa upande wa pili wa kisima. Bibi ameshatangulia, kwa hiyo nikamuuliza yeye: ile hadithi ya damu kwenye chokaa, bibi aliipata kwa nani?

Mama kanitazama. Anasema bibi alikuwa hasomi dua kwa ajili ya Dunga. Alikuwa akisoma tangu tunapanda gari mpaka tunashuka, kwa sababu dereva alikuwa anakimbiza sana na pale kuna kona. Na kichwa alikuwa ananilaza kwa sababu nilikuwa natapika. Hadithi ya watumwa, anasema, niliileta mimi mwenyewe siku moja kutoka chuoni kwa Kurani, nikamsimulia bibi jikoni, na bibi usiku ule hakulala.

Sasa mimi chuoni niliambiwa na nani? Nimewapigia wawili tuliosoma pamoja. Wote wanasema waliisikia kwangu.

#39 Bi Somoe
Na redio konda alikuwa akiipunguzia nini?

#40 Mwana wa Chwaka
Hilo mama hajui.